Biblia, kalenda na lahajedwali: kupanga ibada na bajeti ya nyumba kwa simu moja

Bajeti ya nyumba huanza kufa wiki ile ambayo hakuna aliyeifungua. Usomaji wa Biblia nao una ugonjwa uleule: ukiruka siku nne mfululizo, ya tano unaona haya hata kuigusa programu. Kwa hiyo mwongozo huu unaviweka vyote viwili kwenye kalenda moja na kikao kimoja, Neno likitangulia hesabu.

Unahitaji simu janja na akaunti ya Google. Kompyuta, hata ya kuazima kwa saa moja, itakurahisishia hatua ya 4 na ya 5.

Hatua ya 1: Tenga muda kabla ya kupakua chochote

Fungua Google Calendar uweke matukio mawili ya kujirudia. La kwanza ni la kila siku, dakika 20, la kusoma na kuomba. La pili ni la mara moja kwa wiki, dakika 40, la kikao cha nyumba. Mwalike mwenzi wako kwa barua pepe ili kikao kionekane na kwake. Weka arifa dakika 10 kabla. Kwenye sehemu ya maelezo ya tukio la kikao, bandika kiungo cha lahajedwali (faili la jedwali la Google Sheets) utakalotengeneza hapa chini. Linaonekana jambo dogo, lakini faili lisilotafutwa ndilo linalofunguliwa.

Usichague saa ambayo kwa kawaida uko njiani au unahudumia watoto. Arifa inayopuuzwa siku tatu huzoeleka kama kelele.

Hatua ya 2: Mpango wa kusoma unaobebeka

Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu hadi nne kila siku, na nyumba nyingi zinazoanza hukwamia Mambo ya Walawi. Anza na Agano Jipya: sura zake ni 260, yaani sura tano kwa wiki kwa wiki 52 kamili. Soma siku tano, siku mbili zibaki za kufidia. Mithali ina sura 31, hivyo inaingia kwenye mwezi sura moja kwa siku.

Programu ya YouVersion ni ya bure na ina mipango tayari. Pakua tafsiri yako ili uisome bila intaneti; angalia kwanza, kwa kuwa si kila tafsiri mchapishaji ameiruhusu ipakuliwe. Ukichelewa kwenye mpango, sogeza tarehe zake uendelee na sura ya leo. Kufidia sura kumi na mbili usiku mmoja kunachosha, na kesho yake huifungui tena.

Kwa kikao cha wiki, chukua kifungu kimoja kinachogusa mali: Luka 14:28-30 juu ya kuhesabu gharama ya mnara, Mithali 27:23-27 juu ya kuijua hali ya mifugo yako, 1 Wakorintho 16:2 juu ya kuweka kando kila juma, Mathayo 6:19-21 juu ya hazina. Hivyo ni vinne, vinatosha mwezi.

Hatua ya 3: Gawa mapato yote kwa karatasi

Mafungu yasizidi kumi. Yakiwa ishirini, mtu atasimama dukani akijiuliza sabuni iko fungu gani, na hataandika. Mfano wa mapato ya 1,000, kwa fedha yoyote:

Sadaka 100, Akiba 100, Kodi 300, Chakula 250, Usafiri 80, Gharama za mwaka 70, Afya 40, Mawasiliano 30, Ukarimu 30. Jumla 1,000. Hayo ni mafungu tisa; la mwisho liitwe Haijulikani, mpango wake 0.

Gharama za mwaka ndizo zinazovunja bajeti nyingi. Ada, bima, matengenezo: jumlisha za miezi 12, gawa kwa 12, utenge kila mwezi. Zikiwa 840, ni 70 kwa mwezi. Anayezisahau huziita dharura zinapofika, kumbe tarehe zake zilijulikana mwaka mzima.

Sadaka inaandikwa ya kwanza kwa sababu kinachotolewa katika masalio mara nyingi hakipatikani. Kama mnahesabu zaka kutoka mapato ghafi au baada ya makato, amueni mara moja mkiwa mmeomba, muandike, msibishane kila mwisho wa mwezi. 2 Wakorintho 9:7 inaliacha jambo hili moyoni mwa mtoaji.

Kipato kisipokuwa sawa kila mwezi, panga kwa kiwango cha mwezi wa chini kabisa kati ya sita iliyopita. Kinachozidi kiende Akiba kwanza, kisubiri mwezi mkavu.

Hatua ya 4: Fomu ya kuandikia matumizi

Kuandika moja kwa moja kwenye lahajedwali kwa simu kunaudhi: seli (vyumba vya jedwali) ni ndogo, kidole kinafuta fomula. Tumia Google Forms, maswali matatu kwa mpangilio huu:

1. Kiasi: jibu fupi, la lazima. Kwenye nukta tatu chini ya swali, weka sharti kwamba jibu liwe namba iliyo zaidi ya 0. Sharti hili linazuia mtu kuandika alama ya fedha pembeni ya namba. Seli yenye herufi husomwa kama maneno, na jumla itairuka bila kukuonya.
2. Fungu: orodha ya kuchagua, la lazima. Usiache mtu aandike mwenyewe.
3. Maelezo: jibu fupi.

Unganisha majibu na lahajedwali jipya, kisha ubadilishe jina la laha (ukurasa wa lahajedwali) ya majibu liwe Matumizi. Safu A itakuwa muda, B kiasi, C fungu, D maelezo. Weka kiungo cha fomu kwenye skrini ya kwanza ya simu zote mbili.

Fomu haitumwi bila intaneti. Mahali ambapo mtandao haushiki, andika kwenye programu ya kumbukumbu, uingize jioni. Ujue pia kwamba muda unaorekodiwa ni wa kutuma fomu, si wa kununua. Matumizi ya tarehe 31 yakitumwa tarehe 1 yataangukia mwezi mpya, kwa hiyo rekebisha tarehe kwenye safu A.

Hatua ya 5: Laha ya Muhtasari

Ongeza laha nyingine, iite Muhtasari. Fomula usiziweke ndani ya Matumizi: kila jibu jipya huingiza mstari mpya, na fomula za pembeni husukumwa.

Kwenye B1 andika tarehe ya kwanza ya mwezi. Kuanzia A4 hadi A13 nakili majina ya mafungu kutoka kwenye fomu. Usiyaandike upya, maana nafasi moja ya ziada mwishoni mwa neno itakupa 0. B4 hadi B13 ni mpango. Kwenye C4, jumla ya matumizi ya fungu hilo ndani ya mwezi:

=SUMIFS(Matumizi!B:B, Matumizi!C:C, A4, Matumizi!A:A, ">="&$B$1, Matumizi!A:A, "<"&EDATE($B$1,1))

Kwenye D4, kilichobaki: =B4-C4

Buruta zote mbili hadi mstari wa 13. Lahajedwali likikataa fomula, huenda mipangilio ya nchi yako inatumia nukta-mkato (;) badala ya mkato (,) kati ya vipande, badilisha. Alama ya "<" pamoja na EDATE inamaanisha "kabla ya mwezi ujao kuanza". Ukiweka "<=" na tarehe ya mwisho wa mwezi, utapoteza manunuzi ya siku hiyo, kwani muda wa fomu una saa ndani yake.

Kisha seli ya ukaguzi, C15:

=SUMIFS(Matumizi!B:B, Matumizi!A:A, ">="&$B$1, Matumizi!A:A, "<"&EDATE($B$1,1))-SUM(C4:C13)

Lazima isome 0. Isiposoma 0, kuna jina la fungu lisilolingana.

Kosa moja hurudi kila nyumba: kutoa fedha taslimu kwenye akaunti si matumizi. Ukiandika ulichotoa, kisha ukaandika ulichonunua kwacho, umehesabu mara mbili. Fedha iliyohamishiwa akiba, hiyo iandike kwenye fungu la Akiba.

Hatua ya 6: Kikao cha dakika 40

Dakika 10 kifungu na maombi. Dakika 15 hesabu: salio la mwanzo, jumlisha mapato, toa matumizi, jibu lilingane na kilichomo kwenye akaunti na mikononi. Tofauti msiyoikumbuka ingizeni kama Haijulikani, msigombane. Ikikua mwezi baada ya mwezi, hapo fuatilieni. Dakika 10 maamuzi: fungu lililopungua lichote kwenye lililobaki, lakini lisiguse Sadaka wala Gharama za mwaka. Dakika 5 za kumshukuru Mungu kwa jambo mahususi mliloliona kwenye namba. Mstari wa Biblia usigeuzwe fimbo ya kumpigia mwenzako aliyezidisha matumizi.

Hatua ya 7: Linda fedha na siri

Shiriki lahajedwali kwa barua pepe ya mwenzi tu, si kwa kiungo kilicho wazi. Nenosiri na namba ya siri visiandikwe humo kamwe. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google.

Ukitumiwa ujumbe wa kuomba sadaka kwa jina la mchungaji, hata ukiwa na picha yake, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo zamani au linganisha na akaunti iliyotangazwa na kanisa. Anayeahidi baraka maradufu kabla ya saa fulani anatafuta haraka yako. Na kwenye kundi la maombi, deni la mtu mwingine usilitaje bila ruhusa yake.

Mwezi ukibadilika, badilisha tarehe ya B1 tu; ya nyuma yanabaki kwenye Matumizi. Mwaka ukiisha, tengeneza nakala ya faili, uipe jina la mwaka, kisha futa mistari ya zamani na uanze tena na salio lililopo.