Hujawahi kukopa popote? Akaunti unafungua hivi

Nina kibanda cha uwakala wa benki na simu hapa Ngamiani, Tanga. Haipiti wiki bila mtu kuinama dirishani na kuniuliza kwa sauti ya chini, utadhani ameiba: "Mwanangu, mimi sina mshahara, sijawahi kukopa benki. Watanifungulia akaunti kweli?"

Watakufungulia. Akaunti ya akiba si mkopo. Hapo wewe ndiye unayewakabidhi hela yako, na mambo ya historia ya mikopo yatakuja siku utakayotaka ya kwao. Siku ya kufungua wanataka kujua wewe ni nani, basi. Watu wetu wanakwama hapohapo.

Hatua ya 1: Majina yako yafanane

Unahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20. Hata kama kadi haijatoka, namba inatosha kwa akaunti nyingi za kawaida. Ukiwa umeisahau, piga *152*00# ufuate menyu hadi NIDA. Kisha piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako. Kama laini unayotumia ina jina la shemeji yako, usiendelee. Kasajili ya kwako kwanza, kwa sababu ujumbe wote wa benki utaingia humo, na siku mkigombana na shemeji utajua hujui.

Kisha soma majina yako herufi kwa herufi. Sisi wa Pwani tuna taabu hii: NIDA umeandikwa Athumani, kadi ya mpiga kura Othman, na cheti cha shule Athman. Mtu ni mmoja, lakini kompyuta haina habari hiyo. Jina litakaloshika ni la NIDA, kwa hiyo fomu ijaze hivyohivyo hata kama mtaani wanakuita vingine. Tofauti ikiwa kubwa, wakili atakuandikia hati ya kiapo.

Hatua ya 2: Barua ya mtaa

Benki nyingine hawaidai siku hizi, nyingine wanaidai. Mimi nasema uwe nayo, maana Tanga tuna sifa ya "waja leo waondoka leo", na benki inataka mtu wa kukaa. Nenda kwa mjumbe wako, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, ukiwa na picha ndogo ya pasipoti. Angalia muhuri: nusu ukae juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Nimeona watu wakirudishwa kutoka mjini hadi Mikanjuni kwa sababu muhuri ulipigwa pembeni.

Hatua ya 3: Uliza makato kabla ya kusaini

Kuna akaunti za papo kwa papo, unafungua kwa simu au kwa wakala kwa dakika chache. Zina ukomo wa kiasi unachoweza kuweka au kutoa, hadi upeleke nyaraka zaidi tawini. Kwa muuza vitumbua inatosha kabisa. Ukianza kuuza kwa jumla, panda kwenye akaunti kamili. Ile ya biashara itakudai TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni.

Uliza haya kwa mdomo wako: kila mwezi nakatwa kiasi gani? Kadi ni bei gani, na ni lazima? Nikitoa kwa wakala je? Mimi akaunti yangu ya kwanza sikuuliza. Niliweka elfu ishirini nikaisahau, nikarudi baada ya muda nikakuta elfu nane na chenji. Hakuna aliyeniibia. Yalikuwa makato, na yaliandikwa kwenye fomu niliyoisaini bila kuisoma.

Hofu ya benki kufilisika ipunguze: Bodi ya Bima ya Amana inakinga hadi shilingi milioni 7.5 kwa kila mwenye amana.

Hatua ya 4: Vidole

Hapa pana kazi. Alikuja mama mmoja anayepaa samaki soko la Deep Sea. Akaweka dole gumba, mashine ikakataa. Mara ya pili, ikakataa. Ya nne akaanza kucheka kwa aibu. Nikamwambia anionyeshe mkono: ngozi ya ncha za vidole imelika kwa magamba na maji ya chumvi, laini kama kioo. Nikampa maji ya uvuguvugu na sabuni, akakausha, nikamdondoshea tone la mafuta ya nazi, akasugua kisha akafuta kwa khanga. Tukajaribu kidole cha pete cha kushoto, ambacho hakishiki kisu. Kikasoma.

Kwa hiyo ukiwa fundi ujenzi, mchuna mkonge au mpaa samaki, mwombe mhudumu ajaribu vidole vingine. Na usikandamize, weka taratibu. Ukikandamiza mistari inabanana na mashine haioni kitu.

Hatua ya 5: Namba ya siri

Iweke mwenyewe. Wakala hahitaji kuijua, hata mimi usiniambie. Usiweke mwaka wa kuzaliwa.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo uanze kuwa na historia

Pitisha mauzo humo. Elfu tano leo, elfu nane kesho, hata kama jioni utatoa. Siku ukiomba mkopo, afisa atafungua taarifa ya akaunti atazame hela inavyoingia na kutoka. Laki tatu iliyoingia mara moja na kutoka kesho yake haimwambii kitu.

Vijimkopo vya simu navyo vinahesabika. Benki Kuu ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, na zipo kampuni zenye leseni, kama Creditinfo Tanzania, zinazotoa ripoti kwa wakopeshaji. Elfu kumi uliyoiacha bila kulipa inaweza kukusubiri huko. Programu za "kopa ndani ya dakika tano" zichunguze kwanza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Mkiwa kikundi, sajilini halmashauri, kisha mwende benki na katiba, muhtasari wa kikao na watia saini mliowachagua. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, haipiti mkononi. Inaingia kwenye akaunti ya kikundi.

Ukija kibandani kwangu, njoo asubuhi. Jioni mtandao unasumbua, na Ijumaa saa sita nafunga naenda msikitini.