Filta ya hewa ya sokoni: jinsi ya kuhakikisha kama kweli inakula esansi (petroli) na kuharibu sensa ya hewa

Kila mwaka, mvua zikishakatika hapa Lubumbashi na vumbi jekundu likaanza kutanda kwenye barabara zisizo na lami, gareji yetu hupokea lalamiko lilelile: "Fundi, tangu niweke hii filta ya soko, gari inakunywa sana esansi." Filta huwa na kosa mara chache, na inapokuwa nalo, kosa lenyewe mara nyingi liko kwenye ukingo wake wa mpira, mahali ambapo wanunuzi wengi hawatazami.

Katika injini ya esansi, kiasi cha hewa kinaamuliwa na kilango kilicho kwenye shingo ya kuingizia hewa, ambacho dereva hukifungua kwa kukanyaga pedali. Filta ikianza kuziba, dereva huongeza mguu kidogo bila kujitambua, kilango hufunguka zaidi, na hewa ileile huingia. Kompyuta ya gari nayo hutoa esansi inayolingana nayo, takriban kilo 1 kwa kila kilo 14.7 za hewa. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipolijaribu jambo hili mwaka 2009, iliona kuwa filta iliyoziba haikubadilisha kwa kiasi cha maana matumizi ya mafuta ya magari ya kisasa yenye injekta, ingawa gari lilichelewa kuchapuka. Kwa magari ya zamani ya kabureta tofauti ilionekana, kati ya asilimia 2 na 6.

Hatua ya 1: Ijue injini yako. Kama ni ya mazutu (dizeli) ya zamani, yenye pampu isiyoongozwa na kompyuta, hesabu ni nyingine, kwa sababu filta iliyoziba huinyima hewa huku pampu ikiendelea kusukuma mazutu, na moshi mweusi ndio ushahidi. Kama ni ya esansi, fuata bomba linalotoka kwenye sanduku la filta. Ukikuta kifaa kidogo cha plastiki chenye plagi ya nyaya, hiyo kwa kawaida ndiyo sensa ya kupima wingi wa hewa, ambayo ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto. Injini nyingine hazina sensa hiyo, zinapima mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi, yaani bomba linaloigawia silinda hewa; kwa hizo, hofu ya filta kuchafua waya haipo kabisa.

Hatua ya 2: Soma namba kabla ya kufungua chochote. Chomeka skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, hata ile ya bei nafuu inayotumia simu, ingawa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaelewani nayo. Injini ikishapata moto, tazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya esansi ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, na ujumlishe yote mawili, kwanza gari likiunguruma bila kukanyagwa, kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Jumla iliyo ndani ya asilimia 10, juu au chini ya sifuri, haina la kutisha. Ikiwa juu sana wakati wa kuunguruma halafu ikashuka unapokanyaga, tafuta mahali hewa inapovuja baada ya sensa, kwa mfano bomba la mpira lililopasuka. Ikiwa inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, shuku waya mchafu, au pampu ya esansi iliyochoka. Hapo ndipo taa ya injini huwaka kwa namba ya hitilafu P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko esansi.

Hatua ya 3: Fungua sanduku na usome vumbi. Usiitikise filta, iinue wima, kisha pitisha kidole upande ule ambao hewa imeshachujwa. Unapaswa kuwa safi. Mwaka jana mama mmoja aliniletea Toyota Vitz akilaumu filta aliyoinunua sokoni. Karatasi yake ilikuwa nzuri, lakini ukingo ulipungua kama milimita 3 upande mmoja, na kutoka pembe hiyo mstari mwekundu ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa sensa, kama njia ya siafu. Marekebisho yalisoma asilimia 19. Waya ukishafunikwa na vumbi haupozwi ipasavyo na hewa inayopita, kwa hiyo sensa huripoti hewa pungufu, na kompyuta hulazimika kuongeza esansi kwa kufuata sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi. Nilimwambia, "Mama, injini hii haikosi hewa; inakula udongo." Madhara ya udongo huo kwa ringi za pistoni ni makubwa kuliko esansi yoyote atakayookoa.

Hatua ya 4: Ijaribu filta mpya kabla ya kuilipia, au angalau kabla ya kufunga kifuniko. Iweke mbele ya tochi mahali penye giza: mwanga hafifu ulioenea sawasawa ni wa kawaida, lakini nukta kali ni tundu. Kisha paka grisi kidogo sana kwenye ukingo wa mpira, funga sanduku, fungua tena. Grisi inapaswa kuacha alama kamili upande wa pili, bila pengo. Filta ya soko inayofaulu majaribio haya naifunga bila wasiwasi, hata kama boksi lake halina jina kubwa. Kupuliza filta kuukuu kwa kompresa sikubaliani nako, kwa kuwa upepo mkali hupanua vitundu vya karatasi. Zile za pamba zinazooshwa na kupakwa mafuta zinahitaji mkono mwepesi: mafuta yakizidi, matone yake huweza kufika kwenye waya wa sensa na kuushikisha vumbi. Kwa barabara zetu za kiangazi, mimi nachagua ya karatasi.

Hatua ya 5: Safisha sensa ikiwa tu namba zimekuelekeza huko. Zima gari, chomoa plagi, fungua skurubu, na upulize dawa maalumu ya sensa ya hewa bila kugusa waya. Dawa ya kusafishia breki, mswaki na pamba ya masikio visikaribie. Iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Hatua ya 6: Pima matumizi kwa lita. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, nenda mji wa Likasi na kurudi kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Gawanya lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Rudia angalau mara tatu, kwa sababu tofauti ya nusu lita kwa kilomita 100 inaweza kuletwa na upepo, mzigo au mguu wa dereva peke yake.

Vitz ile, baada ya kupata filta yenye ukingo usioacha pengo na sensa safi, marekebisho yalirudi asilimia 4 na gari likapata nguvu ya kupanda, lakini lita hazikupungua kwa kiasi alichotarajia mwenyewe. Nilirudi kwenye skana na kuangalia joto la maji ya kupozea injini: nyuzi 62, asubuhi ya mwezi wa saba, baada ya nusu saa ya mwendo. Fundi aliyetangulia alikuwa ameondoa themostati, kilango kinachozuia maji hayo yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, jambo linalofanywa sana hapa kwa kuogopa injini kuchemka, na injini baridi hupewa esansi ya ziada kila dakika inapotembea. Tulifunga themostati mpya, joto likakaa kwenye nyuzi 88, na safari iliyofuata ya Likasi ndiyo iliyomrudishia lita zake.