Ski za matuta: zikunje kwanza, namba baadaye

Ukichagua ski (vile vifaa virefu vyembamba vya kufunga miguuni na kutelezea theluji) za kushukia matuta ya theluji, usianze na urefu. Simamisha ski moja, mkia (mwisho wa nyuma) ukiwa sakafuni, shika ncha (ya mbele) kwa mkono mmoja, kisha kandamiza katikati kwa kiganja cha mkono wa pili. Ncha ikijipinda taratibu bila kukupigisha ubishi, hiyo inafaa. Sababu ni kwamba kila tuta huipiga ncha kutoka mbele; ncha laini huinama na kupanda nalo, ila ngumu kama ubao hukurudisha nyuma, na ukishaegemea visigino, ski zinakuendesha wewe. Mkia uwe mgumu kidogo kuliko ncha, lakini usizidi.

Halafu tazama upana wa kiunoni, yaani sehemu nyembamba ya katikati ya ski: karibu milimita 65 hadi 85. Nyembamba huhama haraka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine unapokata kona, na kati ya tuta na tuta hakuna muda wa kusubiri.

Kipimo hiki cha kukunja hudanganya ukiwa mzito au unashuka kwa kasi sana: ski laini itakulegea. Kwenye theluji mpya yenye kina, sahau kabisa. Huko utataka pana.