Jinsi ya kufuatilia asili ya neno kama scot-free

Scot-free ni neno la Kiingereza, siku hizi maana yake kuponyoka bila adhabu. Kwanza likate vipande viwili, scot na free, afu usikimbilie maana unayoijua kwa sababu hapo ndo wengi wanapotea, wanaona scot wanadhani ni Mskoti. Ingia Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili za maneno ya Kiingereza, ni bure, tafuta kila kipande peke yake. Utakuta scot ni kodi au mchango, lina undugu na skot ya Kinorse cha kale (lugha ya zamani ya Skandinavia), hivo scot-free mwanzoni ni mtu asiyedaiwa kodi, baadae ndo ikawa kuponyoka bila adhabu.

Afu angalia mwaka neno lilipoanza kutumika, hapa ndo pana utamu. Kuna stori inazunguka eti limetokana na Dred Scott, yule mtumwa wa Marekani aliyedai uhuru wake mahakamani. Sasa hukumu ilitoka 1857 na neno lipo tangu Kiingereza cha kale, karne kibao kabla Marekani haijakuwepo, na jamaa mwenyewe kesi alishindwa, hiyo free imetoka wapi jamani?

Kama bado una wasiwasi tafuta neno jirani, mfano scot and lot, hizo zilikuwa kodi za miji ya Uingereza.