Somo: Pane ipi ya fera kwa kazi ndogo za elektroniki

Tuanze na jina. Hapa Goma ukisema "pane" mtu anadhani gari limekufa njiani. Kwenye fera ya kulehemu, pane ni ile ncha inayogusa eten, yaani metali laini inayoyeyuka kuunganisha. Na pane mbaya huzaa pane nyingine kwenye simu ya mteja, kwa hiyo majina hayajaachana mbali.

Mafundi wengi wanaamini kazi ndogo inataka ncha kama sindano. Sivyo. Joto hupita pale ncha na shaba zinapogusana, na sindano inagusa nukta tu. Eten inakataa kuyeyuka, fundi anapandisha hadi 450°C, flaksi (dawa inayosafisha shaba ili eten ishike) inaungua, kisahani cha shaba kinachoshika mguu kinabanduka kwenye karte, lile bamba la saketi. Joto lilikuwepo tangu mwanzo; lilikosa pa kupitia.

Hatua ya 1: jua fera yako inavaa pane gani. Mashine zenye kisanduku cha kurekebisha joto, mtindo wa Hakko 936 na nakala zake, huvaa pane za 900M, zenye shimo linaloingia kwenye kijiti cha kauri kinachotoa joto. Fera za kawaida za 30W au 40W zina pane kama kijiti kinachobanwa kwa skrubu. Nenda nayo sokoni, ulinganishe unene. Pane ya 900M iingie kwa vidole, fera ikiwa baridi. Ikilegea, joto linapotea kwenye nafasi. Ukiilazimisha, kauri inapasuka.

Hatua ya 2: soma namba. Kwenye 900M-T-2.4D, 2.4 ni upana kwa milimita, na D ni bapa kama bisibisi. B ni koni, C imekatwa mshazari, K ni kisu.

Hatua ya 3: oanisha na kazi. Kanuni ni moja: chukua pane pana kuliko zote zinazoenea kwenye kisahani bila kugusa cha jirani. Miguu inayopenya karte, redio au chaja: 2.4D. Nyaya ndogo na vipande vya saizi 0805, vile vidogo vinavyolehemiwa juu ya karte: 1.6D. Vipande vya 0603, ambavyo ni 1.6 × 0.8 mm: 0.8D.

Tundu la chaji la USB-C ndilo linalotesa watu. Miguu yake imeachana 0.5 mm, na fundi anatafuta ncha ya 0.5. Usiitafute. Paka flaksi kwa wingi, chukua 2C au K yenye eten kidogo, uivute taratibu juu ya safu nzima. Eten yenyewe itafuata shaba na kuacha nafasi za katikati. Ikiziba miguu miwili, ongeza flaksi, si eten, urudie. Masikio makubwa ya pembeni yameungana na masi (shaba pana ya upande hasi wa karte), ambayo inanyonya joto: hayo yape K au 3.2D.

Mwenye pesa ya pane mbili tu anunue 2.4D na K. Sindano iliyokuja na mashine ibaki kwenye boksi.

Hatua ya 4: joto. Eten ya 60/40 (bati 60, risasi 40) huyeyuka kati ya 183 na 190°C. Weka 320 hadi 350. Isiyo na risasi huyeyuka karibu 217 hadi 220. Weka 350 hadi 380. Gusa sekunde 1 hadi 3. Ikizidi hapo, badilisha pane kabla ya kugusa kitufe cha joto.

Hatua ya 5: pane mpya. Iwashe kwa 250°C, na mara tu inapoanza kuyeyusha, ifunike yote kwa eten. Sponji iwe na unyevu, isitone maji. Kabla ya kuzima, iache na tone la eten.

MASWALI

Birere, Goma: Fundi, pane yangu imekuwa nyeusi, eten inateleza kama maji kwenye jani la ndizi. Niipige tupa?

Hapana kabisa. Ndani ni shaba, juu ni ngozi nyembamba ya chuma. Tupa ikiitoboa, bati lililo ndani ya eten linakula shaba na ncha inakuwa shimo. Shusha hadi 250°C, chovya kwenye flaksi ya rosini, isugue kwenye nyuzi za shaba nyeupe, ongeza eten. Rudia.

Kadutu, Bukavu: Mkubwa, jioni umeme unashuka, fera yangu ya 30W haiyeyushi.

Ukishuka toka 220V hadi 180V, fera hiyo inabaki na kama 20W, maana nguvu hushuka kwa mraba wa volti. Weka pane nene na fupi, ngoja sekunde 10 hadi 15 kati ya kiungo na kiungo. Dawa yenyewe ni mashine ya 60W yenye kurekebisha joto.

Katuba, Lubumbashi: Yaya, nitatambuaje pane ya bandia dukani?

Beba sumaku ndogo. Ikivutwa kidogo tu, ngozi ndiyo chuma na ndani ni shaba. Ikinasa kwa nguvu, ni chuma kitupu, na shaba hupitisha joto karibu mara 5 kuliko chuma. Hiyo mrudishie.

Birere tena: Na dekapan ya mafundi bomba, ile dawa ya asidi ya kusafishia kabla ya kulehemu?

Iache kwa mafundi bomba. Inakula ngozi ya pane, na mabaki yake yanaendelea kula karte hata baada ya mteja kwenda na simu yake.