SOMO: Namna ya kula kwenye bistro ya Kifaransa, kuanzia mlangoni mpaka bili

Wadau, kuna watu humu mnaenda Paris, wengine semina, wengine kusalimia ndugu, mkirudi hadithi ni ileile, msosi wa Wafaransa ghali na weita ana roho mbaya. Ukimuuliza mtu alikula wapi anakwambia pale karibu na mnara wa Eiffel, penye menyu ya mapicha na bendera za nchi sita. Sasa pale ulifuata nini? Bistro ya kweli ni kimgahawa cha mtaani, meza zimebanana mpaka unasikia jirani anavyomsengenya bosi wake, na vyakula vya siku vimeandikwa kwa chaki ubaoni. Ina utaratibu wake, ukiushika unakula vizuri kwa hela ya kawaida.

Hatua ya 1: Nenda saa ya kula

Mchana ni saa sita mpaka saa nane, nane na nusu hivi. Usiku wanaanza saa moja, moja na nusu. Ukitokea saa kumi jioni na njaa yako utakuta viti vipo ila mpishi kashaondoka, na hakuna wa kukuonea huruma. Nyingi zinafunga Jumapili au Jumatatu, na Agosti wengine wanafunga wiki kadhaa wanaenda likizo, kwa hiyo piga simu kwanza.

Kama bajeti ni ndogo nenda mchana. Kuna kitu kinaitwa formule, yaani unalipa bei moja unapata vyakula viwili, cha kuanzia na chakula chenyewe, au chakula chenyewe na kitamu cha mwisho. Paris mara nyingi inacheza kwenye euro 16 mpaka 25. Usiku mpishi ni yuleyule, jiko ni lilelile, ila formule mara nyingi haipo na bili inapanda.

Hatua ya 2: Salamu kwanza

Hapa ndo wengi wanaharibu. Ukiingia sema "bonjour", jioni "bonsoir", halafu SIMAMA. Onyesha mko wangapi, subiri upelekwe mezani. Ukiingia kimya ukajichagulia meza ya dirishani umeshamkosea mwenye nyumba, na hiyo roho mbaya mnayoisema inaanzia hapo. Na usimwite weita "garçon" (yaani "kijana"), wala usimpigie mluzi au vidole. Mwangalie, akikuona sema "silvuple" (s'il vous plaît), anakuja.

Hatua ya 3: Soma ubao

Ukiomba "menu" unaweza kuletewa seti ya bei moja, orodha nzima yenyewe ni "la carte". Entrée ni cha kuanzia, plat ndo msosi wenyewe, na plat du jour ni chakula cha siku hiyo. Mimi hicho cha siku ndo nakiamini kuliko vyote, kinatoka haraka na kimepikwa leo.

Hatua ya 4: Maji na mkate ni bure

Weita atakuuliza maji ya aina gani, ukijibu kizembe unaletewa chupa ya kulipia. Sema "yun karaf do, silvuple" (une carafe d'eau), unaletewa jagi la maji ya bomba, safi kabisa. Sio kwamba unaomba msaada, sheria yao ya tangu 1967 inasema mkate na maji ya kawaida vimo kwenye bei ya chakula. Mkate unauweka juu ya meza pembeni ya sahani, hakuna kisahani chake, na siagi usiitegemee. Wenyewe wanafutia mchuzi mpaka sahani inang'aa.

Hatua ya 5: Kuagiza bila kujilipua

Ukiagiza steki utaulizwa iiveje. Bleu imepita tu juu ya moto, saignant ina damu, à point bado ya pinki katikati, bien cuit ndo ile yetu. Ukisema bien cuit unaletewa, ila nyama inakuwa ngumu na mpishi hakufurahii. Ushauri wangu, kama damu huitaki achana na steki kabisa, chukua kilichopikwa masaa mengi. Confit de canard kwa mfano, paja la bata lililoiva taratibu kwenye mafuta yake lenyewe, ngozi imekaushwa inalia kwa meno, nyama ukiigusa na uma inaachia mfupa, pembeni viazi vilivyokaangwa kwa mafuta hayohayo. Hapo unaelewa kwa nini hawa watu hawaharakishi chakula.

Tartare ni nyama ya ng'ombe MBICHI ya kusaga na kiini cha yai bichi, msije mkasema sikuwaambia. Halafu kuna andouillette, kwa macho ni soseji ya kawaida, ukiipasua yanatoka matumbo ya nguruwe yamekunjwakunjwa na harufu kama supu ya utumbo ambao haukuoshwa ukaisha. Wapo wanaoipenda sana, mpaka kuna chama chao kinazipa nzuri alama ya AAAAA. Ukiona hizo A tano ujue ni andouillette ya sifa, harufu iko palepale.

Hatua ya 6: Mpangilio

Cha kuanzia, chakula, jibini kama unataka, kitamu, HALAFU kahawa. Jibini inakuja kabla ya kitamu, na kahawa inakuja peke yake mwisho, kikombe kidogo, nyeusi, kali. Ukimaliza sahani laza kisu na uma pamoja upande mmoja, weita anaelewa aondoe.

Hatua ya 7: Bili

Haiji mpaka uiombe. Unaweza kukaa saa nzima na kikombe kitupu hakuna atakayekufukuza, meza ni yako. Sema "ladisyon, silvuple" (l'addition, yaani bili). Kadi wanaleta kimashine mezani.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, tipu ni asilimia ngapi? Marekani walinikomesha.
Ufaransa bei ya kwenye menyu imeshajumlisha huduma, ni lazima tangu 1987. Ukiridhika acha chenji, euro moja mbili. Usipoacha hakuna anayekufuata mlangoni.

Swali: Sisi Waislamu tunakula nini hapo? Maana naona kitimoto kila mstari.
Dada, bistro ya kawaida nyama yake sio halali, hata ng'ombe na bata. Bakia kwenye samaki, mayai na mboga. Œuf mayonnaise ni yai la kuchemsha na mayonezi, poireaux vinaigrette ni liki za baridi, mboga ya jamii ya kitunguu. Ila uliza, saladi nyingi zinanyunyiziwa lardons, vipande vidogo vya nguruwe, na samaki mchuzi wake mara nyingi una divai. Bœuf bourguignon (ng'ombe) na coq au vin (jogoo) ndo divai tupu. Kwenye vitamu kimbia "baba au rhum", keki iliyoloweshwa pombe ya ramu, jina linajitaja.

Swali: Pilipili ipo?
Haipo. Kuna haradali ya Dijon, chota kidogo, ile haikai ulimini inapanda puani moja kwa moja mpaka machozi.

Swali: Tukiwa wawili tunaweza kuchangia sahani moja?
Kitamu changieni tu, omba vijiko viwili. Ila chakula chenyewe saa ya msongamano wanategemea kila mtu aagize chake. Mkishindwa kumaliza ombeni kibebeo, tangu Julai 2021 mgahawa unatakiwa kukupa ukiomba.

Swali: Niko Paris siku mbili tu, nianzie wapi kwa bei poa?
Jaribu Bouillon Chartier, mtaa wa Faubourg-Montmartre, ipo tangu 1896. Kitaalamu ni bouillon, yaani mgahawa mkubwa wa kizamani wa bei rahisi, sio bistro, ila vyakula ni vilevile na bei ni ya chini. Weita amevaa aproni nyeupe na oda yako anaiandika kwa kalamu juu ya karatasi iliyotandikwa mezani, mwisho anajumlisha hapohapo mbele yako. Wakijaa unaweza kukalishwa meza moja na watu usiowajua, wasalimie uendelee kula. Hawachukui booking na foleni huwa inatoka nje, fika kabla ya saa sita.