Kuzuia jicho la mwanao lisizibe tena baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho

Katika upasuaji huu daktari hutoa lenzi yenye ukungu lakini huacha kifuko chake, kwa sababu ndicho kitakachoshika lenzi ya bandia. Ndani ya kifuko hubaki chembe hai za lenzi ya zamani, hata kikisafishwa namna gani. Kwa mtu mzima chembe hizo huzaana taratibu. Kwa mtoto huzaana mbio na kutandaza utando mpya kwenye ukuta wa nyuma wa kifuko. Ukuta huo ukiachwa mzima, karibu kila mtoto mdogo huzibwa tena, na kwa mtoto mchanga ni suala la wiki au miezi michache. Hatari yenyewe iko kwenye ubongo: bado unajifunza kuona, na jicho likizibwa wakati huo huwa vivu, hata likisafishwa baadaye.

Kinga kubwa kwa hiyo hufanyika chumba cha upasuaji, si nyumbani. Kabla ya kutia sahihi fomu, muulize daktari waziwazi: "Utaufungua ukuta wa nyuma wa kifuko?" Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 hivi, jibu kwa kawaida ni ndiyo. Hukata tundu la duara la kama milimita 4, kisha hupunguza ute ulio nyuma yake. Ute ukiachwa, chembe hutambaa juu ya uso wake na kulifunga tundu lenyewe. Tundu la ukuta wa mbele, ambamo lenzi ya zamani hutolewa, huwa la milimita 5 hivi, dogo kidogo kuliko lenzi ya bandia ya milimita 6, ili ukingo wake uikandamize lenzi pande zote. Lenzi ikae yote ndani ya kifuko. Ikikaa nusu ndani nusu nje, ukungu na uvimbe hupata nafasi.

Kwa watoto wa chini ya miezi 7 wenye tatizo jicho moja, utafiti mkubwa wa Marekani ulilinganisha lenzi ya kupandikiza na lenzi ya kuvaa juu ya jicho. Waliopandikizwa walirudi chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi kwa sababu ya kuzibwa, na baada ya miaka kadhaa uwezo wao wa kuona haukuwapita wenzao. Daktari akikwambia lenzi ya kupandikiza ingoje, hakupunji.

Mtoto mkubwa zaidi anaweza kuachiwa ukuta mzima, ufunguliwe kwa leza ukizibwa. Lakini leza hutaka mtoto aweke kidevu kwenye mashine na atulie tuli. Kama hatatulia, au mnatoka mbali, kama Lamu, Hola au ndani Kinango, na kurudi kliniki ni shida ya nauli, mwambie daktari mapema. Hiyo ni sababu halali kabisa ya kuufungua ukuta siku ileile.

Dawa ya matone haizuii chembe kuzaana. Kazi yake ni kutuliza uvimbe, ambao kwa watoto ni mkali na huacha nyuzinyuzi zinazogandisha mboni kwenye lenzi. Prednisoloni ya asilimia 1 mara nyingi hutiwa kila baada ya saa 1 au 2 siku za mwanzo mtoto akiwa macho, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki 6 hadi 8. Fuata ratiba uliyoandikiwa. Kosa linaloharibu kazi ni kuacha dawa kwa kuwa wekundu wa jicho umeisha.

Nawa mikono, tikisa chupa vizuri (dawa hii hutuama chini), mlaze mtoto chali, vuta kope la chini, tia tone 1, kisha bana pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika 1. Dawa nyingine ingoje dakika 5. Akifumba kwa nguvu, tia tone kwenye pembe hiyo na usubiri afumbue. Joto la Mombasa huharibu dawa: usiiache dirishani wala ndani ya gari. Wanja, maziwa ya mama na maji ya bahari visiguse jicho hilo, na kuogelea ufuoni Pirates kungoje mpaka daktari aruhusu.

Kila wiki mpige picha kwa flashi chumba kikiwa na giza kidogo, ukiwa mita 1 au 2, akikutazama. Zima kwanza kipengele cha simu kinachofuta wekundu wa macho. Mboni zote mbili zing'ae sawa. Moja ikiwa ya kijivu au nyeusi, usisubiri miadi. Pia mfunike kwa mkono jicho lenye afya: akilia na kusukuma mkono, lile jingine halioni vizuri. Makengeza mapya ni dalili pia. Maumivu, usaha, wekundu unaozidi au kutapika ni dharura ya siku hiyohiyo, hata usiku. Kliniki yenu ikiwa imefungwa, nendeni Makadara, yaani Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa.

Jicho likizibwa tena, utando hufunguliwa kwa leza, au kwa mtoto mdogo hukatwa chini ya nusu kaputi. Baada yake apimwe miwani upya na aendelee kufunikwa jicho lenye afya kwa saa alizopangiwa, ili lile vivu lifanye kazi. Kila ziara omba apimwe presha ya jicho, kwa kuwa matone huipandisha, na watoto waliopasuliwa wakiwa wachanga huweza kuipata miaka mingi baadaye.